Magnum ya kulengea yadi 1000: .300 Win Mag, .300 PRC au .338 Lapua? (Mwanza)

CapriPoint (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Nahitaji ushauri wa wanaoijua kazi hii. Lengo ni mashindano ya F-Class (kulenga mbali ukiwa umelala, bunduki juu ya egemeo) daraja la Open, yadi 1000 (mita 914). Mazoezi ni huku Kanda ya Ziwa, mashindano ni Bloemfontein, na baadaye Bisley, Uingereza. Bunduki itatengenezwa mahsusi: mtutu wa inchi 30, uzito hadi kikomo cha kilo 10.

Orodha yangu ni 7mm Remington Magnum, .300 Winchester Magnum, .300 PRC na .338 Lapua Magnum. Mwelekeo ni .338, maana kichwa chake (sehemu ya risasi inayoruka) ni kizito na upepo haukitikisi. Fomu ya maombi ya kibali bado haijajazwa kaliba, na ikishajazwa kubadilisha ni usumbufu. Naomba namba, si majina tu.

FunditMtutu_Nyakato

Mkuu, .338 iondoe leo leo. Kanuni za ICFRA (shirikisho la kimataifa la mchezo huu) kwa F-Open zinaweka kikomo cha kaliba 8 mm. .338 ni 8.6 mm, huruhusiwi hata kulala mstarini nayo. Na kabla hajaja mtu na .375 H&H kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwa wawindaji wakubwa hapa nchini, hiyo nayo imepita kikomo. Ni risasi ya nyati, imetengenezwa mwaka 1912 kwa kazi nyingine kabisa.

La pili ambalo wengi hawaliangalii: F-Class hairuhusu breki ya mtutu (kifaa cha mdomoni kinachopunguza teke). Sifa nyingi za magnum unazosoma zimeandikwa na watu wanaopiga na breki. Ukiiondoa, teke lote linakuja begani, na bunduki inaruka juu ya mfuko wa mchanga. Kwa kilo 10, hesabu ya nguvu ya teke inakuja hivi:

6.5 PRC, kichwa greni 147 (greni 1 ni gramu 0.065): joule 8 hivi
.284 Winchester, greni 180: joule 10
7mm SAUM (Short Action Ultra Magnum), greni 180: joule 12
.300 Win Mag, greni 215: joule 15
.300 PRC, greni 225: joule 17
.338 Lapua, greni 300: joule 27

Joule 15 si maumivu, mtu mzima anazivumilia siku nzima. Shida iko kwingine. Teke linaanza kabla kichwa hakijatoka mdomoni mwa mtutu. Kadiri linavyokuwa kubwa, ndivyo mkao wako, shinikizo la bega na mkao wa mfuko wa nyuma vinavyoingia kwenye shabaha. Kwa .284 ukikosea kidogo kushika kitako, alama inabaki ndani. Kwa .300 PRC kosa lile lile linakutoa nje juu au pembeni, nawe unalaumu upepo.

Dada_Bwiru

Naungana na Fundi, na niongeze upande wa upepo, maana ndiyo sababu watu hukimbilia magnum.

Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe ni mita 1,134. Mgandamizo halisi wa hewa hapa ni karibu hPa 885, na kwa nyuzi joto 25 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Hii inasaidia kila kaliba. Nimepiga hesabu kwa hewa hiyo, upepo wa ubavuni wa mita 1 kwa sekunde, umbali yadi 1000. Kichwa kinasogezwa hivi:

.308 Winchester, greni 175: sm 51
.284 Win, greni 180, futi 2830 kwa sekunde: sm 28
7mm SAUM, greni 180, futi 2950: sm 27
.300 Win Mag, greni 215, futi 2850: sm 27
6.5 PRC, greni 147, futi 2910: sm 26
.300 PRC, greni 225, futi 2810: sm 24
.338 Lapua, greni 300, futi 2720: sm 24

Angalia pengo lilipo. Kutoka .308 kwenda kichwa kirefu chembamba, chochote kile, unaokoa karibu nusu ya msogeo. Baada ya hapo, ukitoka .284 kwenda .300 PRC unaokoa sm 4 kwa kila mita 1 ya upepo, na kwa hizo sm 4 umelipa joule 7 za teke. Tena msichukulie sm 1 au 2 kwa uzito, kwa kuwa namba za G7 (kipimo cha jinsi kichwa kinavyopenya hewa) za watengenezaji tofauti hazikupimwa kwa njia moja.

Pete ya V (ya katikati kabisa ya shabaha) kwa yadi 1000 ina kipenyo cha inchi 5 hivi, sm 12.7. Kutoka katikati hadi ukingoni ni sm 6. Kosea kusoma upepo kwa robo mita kwa sekunde na umefika ukingoni mwa V au nje yake, uwe na .284 au .338. Jicho linalosoma robo mita halinunuliwi pamoja na ganda kubwa.

MzeeWaIgoma

Wanangu, mnasema vizuri ila mnaidharau .300 Win Mag mapema. Ipo tangu 1963, risasi zake za mashindano zinatengenezwa na viwanda vingi, na greni 215 kwenye mtutu mzuri inashinda. Kijana akiichagua hatajuta. Mimi swali langu: hiyo .284 atapata wapi risasi za kiwandani zenye ubora wa mashindano?

FunditMtutu_Nyakato

Mzee, shikamoo. Hoja yako ya risasi ni ya msingi, nitairudia chini. Kwanza .300 Win Mag ieleweke ubovu wake na uzuri wake.

Ganda lake lina mkanda juu ya kitako, urithi wa .375 H&H. Kwa kanuni ya kiwanda, mkanda ndio unaokaa kwenye chemba na kuamua ganda lisimame wapi. Bega la ganda linabaki na nafasi mbele yake. Ukipiga mara ya kwanza, ganda linanyooka kwenda mbele hadi bega liguse chemba, na unene unaopotea unatoka sehemu moja tu, juu kidogo ya mkanda. Mtu akilirudisha umbo kamili kila mara, baada ya mizunguko michache inatokea pete nyembamba ndani, kisha ganda linakatika vipande viwili chembani. Dalili ni mstari unaong'aa kuzunguka ganda, mm 5 au 6 juu ya mkanda. Kwa uhakika zaidi, chukua waya mwembamba, pinda ncha, ingiza ndani ya ganda na uvute juu ukiukandamiza ukutani. Ukisikia ncha inaingia kwenye mfereji, ganda hilo ni la kutupa, na wenzake wa boksi moja wote wakaguliwe.

Tiba inajulikana: ganda likishapigwa mara moja, bega lisukumwe nyuma kwa mm 0.05 tu, basi linakaa kwa bega na mkanda unakuwa pambo. Fundi anayechonga chemba mpya anaweza pia kuipunguza urefu ili nafasi hiyo isiwe kubwa.

Jambo la pili ni shingo. Ina urefu wa inchi 0.264, fupi kuliko kaliba yenyewe, kwa hiyo haishiki kichwa kirefu kwa uthabiti kama shingo za .300 PRC au .284. Wanaoshinda nayo wanajua kulidhibiti hilo.

Urefu wa risasi nzima, inchi 3.340, hauna shida kwa F-Class kwa sababu tunaingiza moja moja kwa mkono, magazini haihusiki. Fundi achonge koo la chemba (mwanzo wa mtutu mbele ya ganda) kwa ajili ya kichwa kirefu na risasi iwe ndefu inavyotakiwa, mradi umeamua kujaza mwenyewe.

Na 7mm Rem Mag (1962) ina mkanda ule ule, na mitutu yake mingi ya kiwandani imekatwa mzunguko wa 1:9.25 au 1:9.5 (mifereji ya ndani inazunguka mara moja kwa kila inchi 9.25 au 9.5), ambao ni wa vichwa vyepesi vya kuwindia. Kwa greni 180 unataka 1:9 au kasi zaidi. Mtutu mpya unatatua hilo, lakini basi hakuna sababu ya kubaki na ganda la mkanda.

CapriPoint

Asanteni sana. Kujaza risasi mwenyewe sijui kama nitaweza kisheria. Tuchukulie nitategemea risasi za kiwandani.

Dada_Bwiru

Hapo ndipo uamuzi unapobadilika, na ndiyo maana Mzee aliuliza vizuri. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitoi uhuru wa mtu kutengeneza risasi chumbani kwake. Usinunue mashine wala baruti kabla hujapata jibu la maandishi kutoka Polisi. Bila jibu hilo, .284 na SAUM zinaondoka mezani, hata kama ndizo zinazopendwa sana na washindani wa F-Open. Kaliba ambayo risasi yake nzuri lazima uijaze mwenyewe ni mzigo kwa mtu asiyeruhusiwa kujaza.

Umesahau moja kwenye orodha yako: 7mm PRC. Hornady waliitoa mwaka 2022. Haina mkanda, kitako chake ni kile kile cha magnum, inchi 0.532, mzunguko wa mtutu ni 1:8, na risasi ya kiwandani ya mashindano ina kichwa cha greni 180 kwa futi 2975 kwa sekunde. Kwa hewa ya Mwanza, kwa namba ya G7 ya kiwanda, msogeo wake ni sm 22 kwa kila mita 1 ya upepo. Teke ni joule 12 hadi 13. Kwa karatasi inaipita hata .338 iliyokatazwa, kwa chini ya nusu ya teke.

MzeeWaIgoma

Hiyo siipingi. Ila mtutu wake utaliwa haraka. Baruti nyingi kupita tundu dogo.

FunditMtutu_Nyakato

Kweli Mzee, na hii inahitaji hesabu ya fedha mapema. Kwa kiwango cha mashindano, si cha kuwinda, makadirio ya kawaida ya maisha ya mtutu ni haya: .308 inapita risasi 4,000; .284 karibu 2,000; .300 Win Mag 1,500 hadi 2,000. 7mm PRC na .300 PRC katikati ya 1,200 na 1,500, 6.5 PRC mara nyingine chini ya hapo. Kinachoamua zaidi ni mwendo wa mpigaji. Risasi 20 ndani ya dakika saba kwenye jua la saa nane zinaunguza koo kuliko risasi 20 ndani ya dakika ishirini. Mtutu ukiwa haushikiki kwa mkono, simama.

Koo linapoliwa, huoni ghafla. Kwanza kasi inashuka kidogo, halafu tofauti ya kasi kati ya risasi na risasi inapanuka, halafu alama zinaanza kutawanyika juu na chini huku kushoto na kulia kukiwa kuzuri. Hapo ndipo kronografu (kipima kasi ya risasi) inalipa gharama yake. Kwa .300 Win Mag, tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi ya haraka na ya polepole inaleta sm 17 hivi za juu na chini kwa yadi 1000, zaidi ya pete nzima ya V. Ndiyo maana kabla ya kununua katoni nzima, nunua boksi moja moja za toleo tofauti za kiwanda hicho hicho, pima kasi ya risasi 10 za kila toleo, kisha nunua nyingi za lile lililo tulivu. Namba ya toleo imechapwa kwenye boksi. Toleo likibadilika, pima upya, hata kama jina na picha ni vile vile.

Agiza mitutu miwili kwa pamoja, ichongwe kwa kifaa kimoja. Wa pili ukaage ndani ya mafuta.

Nyegezi_Ziwani

Naomba kuuliza. Programu ya simu ya kukokotoa mlengo inanipa klik (hatua za kuzungusha darubini) nyingi mno, kila mara alama inakwenda juu. Kasi nimepima, namba ya G7 nimeweka sahihi. Bunduki ni .300 Win Mag, greni 215.

Dada_Bwiru

Kaka, angalia sehemu ya mgandamizo wa hewa. Bila shaka umeweka namba ya utabiri wa hali ya hewa, 1013 au 1016. Hiyo imesahihishwa hadi usawa wa bahari kwa ajili ya ramani na ndege. Programu ikiichukua kama mgandamizo halisi inadhani uko Dar es Salaam ufukweni, hewa nzito, inakuongezea klik. Kwa bunduki yako kosa hilo ni nusu mita hivi juu ya shabaha kwa yadi 1000.

Fanya moja kati ya haya: weka 885 na uchague mgandamizo halisi, au acha 1013 na uweke mwinuko wa mita 1,140. Ukiweka 885 na pia mwinuko, kwenye baadhi ya programu inapunguzwa mara mbili na utapiga chini. Kipimo cha mkononi cha upepo chenye kipima mgandamizo kinamaliza ubishi, mradi kisiwekewe masahihisho ya mwinuko.

Mtoa mada na wewe uchukue hili. Bisley iko chini sana, hewa nzito na mara nyingi baridi. Klik za Mwanza hazitumiki kule, na hata kichwa kinachotulia hapa kinaweza kuyumba kule, kwa sababu hewa nzito inahitaji mzunguko wa kasi zaidi. Mtutu wa 1:10 kwa vichwa virefu vya greni 225 au 230 unaweza kukuonyesha uzuri hapa na kukuaibisha kule. Kwa kaliba .30 chukua 1:9 au 1:8.5. Kwa 7mm PRC, 1:8 inatosha kote.

Nyegezi_Ziwani

Nimeona, ilikuwa 1014. Asante dada.

UkereweKwetu

Kuhusu upepo wa ziwa kwa wanaofanya mazoezi huku. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana unageuka kuwa wa ziwani kuja nchi kavu. Katikati ya mageuzi hayo kuna kipindi bendera zinalegea, na wengi wanakimbilia kupiga wakidhani ndicho kizuri. Si kizuri. Upepo unabadilisha upande kwa vipande, bendera ya mita 300 inasema kushoto na ya mita 700 inasema kulia. Heri upepo wa mita 4 uliotulia kuliko wa nusu mita usiojua unakwenda wapi.

Mawe yetu haya makubwa nayo yanasumbua. Upepo ukipita kilima cha mawe unajikunja nyuma yake, na bendera iliyo kivulini mwa jiwe inadanganya. Soma mazigazi kwenye darubini ya kutazamia. Ilenge shabaha, kisha rudisha ukali wa picha karibu kidogo, theluthi mbili ya umbali. Yakitiririka kwenda kulia au kushoto, unaona mwendo wa upepo wenyewe. Yakichemka kwenda juu moja kwa moja, usipige, upepo unakaribia kugeuka au unakuja usoni mwako.

La usalama, nalisema kwa uzito wote: mtu asilenge kuelekea majini. Maji yanarusha kichwa kama jiwe la kuteleza, na magnum hizi zinafika zaidi ya kilomita 4. Mitumbwi ya dagaa na ya sangara iko kila mahali hata usipoiona. Mawe nayo si kizuizi, yanarudisha vipande. Ni uwanja ulioidhinishwa wenye tuta refu la udongo, basi.

CapriPoint

Uwanja ninaoruhusiwa una mita 300 tu. Mazoezi ya yadi 1000 nitayafanyaje?

FunditMtutu_Nyakato

Magnum yako itumie mita 300 kwa mambo matatu: kupima kasi, kuhakikisha darubini inazungusha klik za kweli, na kuzoea teke. Kwa darubini, weka karatasi ndefu mita 100, chora mstari wima kwa timazi, piga sifuri, kisha zungusha MOA 25 (MOA ni dakika ya pembe, sm 2.9 kwa mita 100) juu ukilenga pale pale. Alama mpya iwe sm 72.7 juu na iwe juu ya mstari. Ikiwa pembeni, darubini imefungwa ikiwa imelala upande. Risasi 10 zinatosha.

Upepo ujifunzie kwa .22 LR. Risasi yake ya polepole kwa mita 100 inasogezwa na upepo, kwa kipimo cha MOA, kwa kiasi kinachokaribia cha magnum kwa yadi 1000. Inakufundisha kusoma bendera bila kula mtutu wa gharama wala bega.

MzeeWaIgoma

Kijana, kabla hujajaza fomu, hesabu na mzigo wa ndege. Mashirika mengi yanafuata kanuni ya kilo 5 za risasi kwa abiria, uzito wa jumla pamoja na boksi zake.

Dada_Bwiru

Hapo Mzee umegusa penyewe. Risasi moja ya .338 Lapua ni gramu 46 hivi, .300 Win Mag gramu 35, 7mm PRC gramu 31, 6.5 PRC gramu 26. Ukiondoa uzito wa boksi, kilo 5 zinakuwa risasi 130 hivi za .300 Win Mag, 150 za 7mm PRC, au 180 za 6.5 PRC. Siku moja ya mechi tatu za risasi 20, pamoja na mbili mbili za kupimia, ni 66. Kwa .300 huna hata siku mbili kamili.

CapriPoint

Je, ndugu yangu tunayesafiri naye akibeba kilo zake 5, tukaweka pamoja?

Dada_Bwiru

Hapana, kilo za watu wawili haziunganishwi kwenye kifurushi kimoja. Kila mmoja na kasha lake, kwenye mzigo wa chini, kwa ridhaa ya shirika iliyoandikwa kabla ya safari. Kila shirika unalounganisha nalo liridhie pia, si la kwanza pekee. Naye awe na kibali chake cha kutoa risasi nchini kwa kaliba hiyo. Upande wa Afrika Kusini fomu ya kuingiza silaha kwa muda ni SAPS 520. Itume mapema pamoja na barua ya mwaliko wa waandaaji, na namba ya bunduki isomeke herufi kwa herufi sawa na kwenye leseni yako.

CapriPoint

Nimeelewa. Najaza 7mm PRC, mzunguko 1:8, mitutu miwili. Risasi nitaulizia kwa muuzaji mwenye leseni kama anaweza kuniletea greni 180 za toleo moja kabla fomu haijaenda kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya).

FunditMtutu_Nyakato

Akikuambia hawezi kuleta 7mm PRC ila .300 Win Mag ya greni 215 anayo ya kutosha, chukua .300 wala usisite. Na mwambie fundi kitako kiwe na bapa la mbele la mm 76, ndiyo upana wa juu unaoruhusiwa. Linatulia mfukoni na teke halilipindui.